Siku moja maishani mwangu: kufuata mgonjwa badala ya ripoti

Saa moja asubuhi. Nimefika kabla mapokezi hayajafunguliwa, nina laptopu, kalamu mbili na simu ya kuhesabia dakika. Kazi yangu ni tathmini, yani mradi unasema umeunganisha huduma za presha, kisukari na VVU, mi naangalia kama ni kweli ama kibao cha mlangoni tu ndo kimebadilishwa.

Saa mbili. Mama mmoja kakubali nimfuate mwanzo mwisho (ruhusa kwanza, na jina lake siandiki popote). Mapokezi, mizani, presha, foleni ya ARV, daktari, famasia, nikadhani tumemaliza kumbe ndo kwanza, anaambiwa arudi mapokezi akaanze foleni ya sukari na huko anapimwa presha upya maana ile ya kwanza iko kwenye rejista ya chumba kingine na huyu nesi haioni. Nikamuuliza, mama, si tuliambiwa huduma zimeunganishwa? Akacheka. "Mwanangu, anayeziunganisha ni mimi na miguu yangu."

Hiyo niliiandika kabla hata ya dakika za foleni.

Saa tano na nusu. Rejista. Hapa macho yanauma. Yule yule mama ana namba tatu tofauti kwenye vitabu vitatu, kwa hiyo kwenye ripoti ya mradi yeye ni watu watatu. Sasa "waliofikiwa" ni wangapi kweli? Sio kwamba mtu kadanganya, kila chumba kimejaza fomu yake vizuri kabisa, tatizo hakuna anayezijumlisha kwa mtu mmoja mmoja.

Saa saba. Mahojiano na wahudumu. Wanasema mambo ni mazuri, saivi wanapigiana simu, wanajuana. Nawaamini kabisa, ila hapo ndo huwa nakuwa makini. Uingereza walianzisha majaribio 16 ya huduma unganishi mwaka 2009, tathmini ikatoka 2012: wafanyakazi wengi waliona huduma imekuwa bora, wagonjwa wakasema kumpata daktari wanayemtaka kumekuwa kugumu zaidi. Kwa hiyo ukihoji upande mmoja tu utarudi na nusu ya habari.

Saa tisa. Kikao na meneja, na hiki ndo kilinichosha. Ana grafu: walioandikishwa kwenye mradi wamelazwa mara chache kuliko mwaka jana. Nikamuuliza mliwachaguaje? Kwa sababu walilazwa sana mwaka jana. Basi hapo bosi, ukiwachukua watu kwenye mwaka wao mbaya kuliko yote, mwaka unaofuata wengi watakuwa afadhali hata usipowagusa. Inabidi tutafute wengine waliolazwa vilevile ila hawakuandikishwa, tuone na wao wameshuka kiasi gani, tofauti ya hapo ndo ya mradi. Akanyamaza, akauliza kama grafu inaweza kubaki hata bila maelezo. Haiwezi.

Saa kumi na moja na nusu. Naandika rasimu. Pendekezo la kwanza halihitaji mashine mpya wala semina: mgonjwa mmoja, namba moja, presha iandikwe kwenye kadi anayotembea nayo. Maneno ya yule mama nimeyaweka ukurasa wa kwanza. Meneja kanitumia meseji anaomba yahamie kwenye viambatisho. Sijamjibu bado.