Watu wanane, saa mbili, na sambusa: habari za kubungua bongo

Walimu wa vyuo vya ualimu wana neno lao wanalipenda sana, bungua bongo, ndo Kiswahili cha kile kitu sisi maofisini tunaita breinstomingi, yani mnakaa kundi mnamwaga mawazo. Aliyelitunga simjui ila naona alikuwa mtani, au hakuwahi kukaa nyumba moja na gunia la mahindi. Maana kubungua ni kazi ya mdudu. Mahindi yaliyobunguliwa si unayajua, punje kwa nje imekaa zake vizuri, ukiibonyeza tu unatoka unga wa vumbi. Mimi nimekuwa kopiraita, yani mtunzi wa maneno ya matangazo, kwenye ajensi za matangazo hapa Dar miaka sita na nimekalia vikao vya namna hiyo sijui mia ngapi, na siku hizi nikilisikia hilo neno nacheka mwenyewe.

Ngoja niwape kisa cha unga.

Tulikuwa na mteja wa unga wa sembe. Brifu yake, yani karatasi za kutueleza anataka nini, kurasa 14, zimejaa "mama wa kisasa" na "thamani za familia", mimi nilichoelewa ni kwamba unga hauuziki. Asubuhi ya kikao niko kwenye daladala natoka Gongo la Mboto, tumesimama Tazara kama kawaida, foleni haisogei, na nyuma yangu wamekaa mama wawili wanapiga stori za harusi ya mtu. Mara wakahamia kwenye unga. Mmoja analalamika unga fulani siku hizi wanachakachua, ukisonga unapata kitu kama uji ulioghairi (nilitamani nigeuke nimpe mkono), mwenzie akamjibu, "Mie shoga angu nanunua ule wa mfuko wa kijani, ule ukisonga hata mkwe akija huna presha."

Hata mkwe akija.

Nikatoa simu nikaandika. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, konda hata chenji yangu hajanipa. Mtu wa kwetu huna haja ya kumfafanulia hiyo, mkwe akija unajua nini kinatokea, sufuria iliyoungua inaenda uvunguni, sahani za kabatini zinashuka, watoto wanafokewa kwa kunong'ona, na ule ugali ndo mtihani wenyewe, ukitoka na mabuja utasemwa mpaka kwenye msiba wako.

Saa nne kikao kikaanza, tuko wanane. Bodi nyeupe, maka peni ambazo tatu kati ya nne zimekauka, vile vikaratasi vya njano vya kunata, sambusa, maji. Bosi wetu wa ubunifu akasimama akasema ile sentensi, "Jamani hapa hakuna wazo baya, mwageni tu." Tukamwaga. Ladha ya nyumbani. Nguvu ya familia. Unga bora kwa maisha bora (huyu nadhani alikuwa na kumbukumbu za uchaguzi wa 2005). Sembe ya leo, afya ya kesho. Kila kimoja kikabandikwa ukutani, kila kimoja kikaambiwa "naisi, naisi, nani mwingine?" Baada ya saa nzima ukuta ulikuwa wa njano mpaka karibu na swichi ya taa, na mtoto mmoja wa fildi, binti, alikuwa hajafungua mdomo zaidi ya kuuliza kama sambusa ni za nyama.

Sasa hii sentensi ya "hakuna wazo baya" ina mwenyewe. Anaitwa Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani, hiyo O ya kwenye jina la BBDO, ajensi kubwa ya matangazo ya kulekule, ni yake. Alianza kuendesha hivyo vikao kwenye ajensi yake mwishoni mwa miaka ya 1930, baadaye akaviandikia vitabu vikauzika sana. Kanuni zake nne: msikosoane, semeni hata la kipuuzi, mtoe mengi kadri mnavyoweza, mdandie mawazo ya wenzenu myaongezee. Na akaahidi kwamba mtu wa kawaida akiwa kwenye kundi atatoa mawazo mara mbili ya akiwa peke yake. Haki yake nimpe, Osborn mwenyewe alisema mtu afikirie peke yake kwanza, kisha kundi, kisha arudi tena peke yake. Ofisi zilichukua ile ya katikati tu, kwa sababu ndo yenye sambusa.

Mwaka 1958 watu watatu wa chuo kikuu cha Yale kule Marekani, Taylor, Berry na Block, wakaamua kuipima ahadi. Wakachukua makundi 12 ya watu wanne wanne, na wengine 48 wakawafanyisha kazi hiyohiyo kila mtu kivyake, halafu wakawaunganisha hao wa kivyake kwenye karatasi tu kama vile walikuwa kundi, mawazo yaliyojirudia yakahesabiwa mara moja. Moja ya maswali ilikuwa ingekuwaje watu wangeanza kuzaliwa na dole gumba la ziada kila mkono, faida zake nini na shida zake nini. Waliokaa peke yao wakatoa karibu mara mbili ya waliokaa pamoja. Yani ahadi iligeuka miguu juu. Na mwaka 1987 wanasaikolojia Diehl na Stroebe kule Ujerumani wakaonyesha sababu kubwa ni ya kawaida kabisa, kwamba kwenye kundi anaongea mmoja, wengine mnasubiri zamu, na ukisubiri unasahau, au unamsikiliza mwenzio mpaka lako linapotea. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri maiki kwenye kikao cha harusi angeweza kuwaambia hilo bila utafiti.

Ila mimi inayonikera zaidi ni ile ya kutokukosoana. Osborn aliitunga kwa Wamarekani, watu ambao labda kweli mdogo anaweza kumkatisha bosi. Sisi hatukuhitaji kutungiwa. Kwenye chumba kile kuna watu wanamsalimia bosi shikamoo asubuhi, halafu saa nne unawaambia "leo tusikosoane", nani alikuwa na mpango wa kukosoa? Kanuni ikabaki na kazi moja, kulinda wazo la mkubwa. La mdogo halihitaji kukosolewa ili life, linabandikwa ukutani linaambiwa naisi, basi, limekufa kwa heshima zote.

Nenda kijiweni uone tofauti. Pale mtu akitoa hoja ya kijinga anaambiwa hapohapo "bro umechemka", anachekwa, anajitetea, anarekebisha, mwishowe kinatoka kitu kina meno. Na hili nalo lilipimwa. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Charlan Nemeth na wenzake walifanya jaribio Marekani na Ufaransa, kuna makundi yaliambiwa yafuate kanuni za Osborn na mengine yakaambiwa bishaneni, kosoaneni, ruksa. Waliobishana wakatoa mawazo mengi zaidi. Na kule San Francisco swali lenyewe lilikuwa ni namna ya kupunguza foleni za magari. Nikakumbuka Tazara.

Sasa unajiuliza, kama kitu kimepimwa tangu 1958 kikaonekana hakifanyi kazi, kwanini kila Jumatano tunaagiziwa sambusa? Mimi jibu nililipata siku dada wa fainansi aliponionyesha invoisi. Zamani ajensi ziliishi kwa kamisheni, gazeti au redio inakukatia asilimia 15 ya hela ya tangazo, yani tangazo unalifikiria wapi na saa ngapi hakuna anayejali. Kisha wateja wakagoma, wakahamia kulipia masaa. Na saa ili ilipiwe lazima ionekane. Watu wanane mara saa mbili ni masaa 16, yako safi, yana picha ya ukuta wa njano, yana minitsi. Mteja akiyaona anajisikia amefikiriwa. Zile dakika zangu za Tazara ambazo ndo zilileta kitu, utaziandikaje? Menejimenti haiwezi kusimamia kichwa cha mtu kilichoegemea dirisha la daladala, kwa hiyo imetengeneza chumba cha kufikiria kwa pamoja ambacho inaweza kukisimamia, kukipiga picha na kukiandikia bili, na taratibu sote tukaanza kuamini kwamba kilichomo mle chumbani ndo kazi.

Ukikaa muda unajifunza ujanja. Wazo unakuja nalo mfukoni, ila huliwahishi. Unasubiri lisaa la pili watu wamechoka, unalidondosha nusu, "labda kitu cha wageni... sijui, mtu anayeheshimika akija nyumbani", unamwacha mmoja aseme baba mkwe, mwingine aseme presha, mpaka bosi mwenyewe anaamka kwenye kiti, "Subiri subiri! Hata mkwe akija!" Makofi. Mimi mkunga nakunja karatasi langu. Usicheke, makopiraita wengi ninaowajua wanafanya hivi, maana wazo lililozaliwa na bosi linafika kwa mteja likiwa zima, lililozaliwa na wewe linafika na "mabadiliko madogo" kumi na moja.

Nilinuna, sitadanganya. Nilienda nyumbani nimevimba. Halafu usiku nikajishtukia, nanuna kwa haki gani? Nami niliokota. Yule mama wa mfuko wa kijani hajui kwamba maneno yake yalikaa kwenye bango, na mimi sikugeuka hata kumuuliza jina. Nikaziwaza kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na hilo jina ndo lile neno la chini ambalo sisi wa matangazo tungekesha wiki tatu kulitafuta. Japo sipati tamaa sikati. Nani aliandika hiyo? Hakuna anayejua. Kule Mombasa familia ya Kaderdina Hajee Essak, wale wa "Mali ya Abdulla", wako kwenye biashara hiyo tangu 1887, na chapa ya muuzaji ipo pale kwenye kitambaa lakini mtunzi wa neno hayupo. Kwa hiyo hili la maneno ya watu kwenda sokoni bila wenyewe halikuletwa na ajensi. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba kanga anayeinunua anaitumia kusema lake, anaivaa ampitie jirani mbele ya mlango, neno linarudi mtaani. Langu lilirudi mtaani likiwa na bei ya kilo mbili.

Kuna wasosholojia wawili wa Kifaransa, Boltanski na Chiapello, mwaka 1999 walifanya kazi moja ya kuchosha, kusoma maandiko ya menejimenti ya miaka ya 1960 na kuyalinganisha na ya 1990. Wakaona yale wanafunzi na wafanyakazi waliyokuwa wanadai barabarani Paris mwaka 1968, uhuru, ubunifu, kutosimamiwa kama askari, miaka thelathini baadaye yamekuwa ndo lugha ya mabosi wenyewe. Nikisoma tangazo la kazi "tunatafuta kijana mbunifu, anayejituma, asiyefungwa na muda" nawakumbuka hao wawili. Asiyefungwa na muda maana yake hakuna ovataimu.

Basi, mwezi ule nikajaza taimushiti yangu kwa ukweli. Mteja: unga. Kazi: kufikiria. Mahali: daladala, Gongo la Mboto hadi Tazara. Muda: lisaa limoja na nusu. Kesho yake dada wa fainansi akanifuata mezani, kwa heshima kabisa.

"Kaka shikamoo. Hii ya daladala ni klemu ya nauli? Maana sijaona risiti."

Nikamwambia konda hatoi risiti. Akainama kwenye kompyuta yangu, akafuta, akaandika "kikao cha ndani", akaniuliza kama anaweza kuweka masaa mawili kamili, mfumo haupendi nusu.