Jinsi tulivyopata fedha za mwekezaji kulinda mazalia ya samaki Kigoma

Mazalia ya samaki hayana risiti. Ukiyalinda, samaki wakaongezeka, watavuliwa na kila mwenye mtumbwi, wakiwemo wenzetu wa Kongo ng'ambo ya pili, na huna wa kumtoza. Kila mwenye fedha niliyemfuata alianzia hapo. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wachakataji wa dagaa, jirani na mwalo wa Katonga, na tulichokuwa tunatafuta hakikuwa msaada. Tulitaka mwekezaji wa ile aina inayotaka faida yake irudi, na pia inataka kuona Ziwa Tanganyika limepona.

Mifano mikubwa haikutusaidia sana. Shelisheli mwaka 2018 waliuza hatifungani ya buluu, yaani hati za mkopo wa kutunza bahari, ya dola milioni 15, lakini pale aliyekopa ni serikali, na Benki ya Dunia ikadhamini sehemu. Kule Gazi, pwani ya Kenya, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ukaa ya mikoko yao, yaani wanalipwa kwa kaboni inayofyonzwa na miti hiyo. Kuhe, samaki anayezaa kwenye mazalia yetu, hana hewa ukaa ya kuuza.

Kilichotutoa ni dagaa. Dagaa wa kuanikwa mchangani huokota mchanga, na mvua ikinyesha kabla hawajakauka wanaoza hapohapo. Mnunuzi anatia mkono kwenye gunia, anasugua dagaa wachache kiganjani, mchanga ukibaki anakata bei bila kusema neno. Wa kwenye chanja za waya, zilizoinuliwa kutoka ardhini, ni wasafi na hukauka upesi. Tofauti ya bei hiyo ndiyo fedha ya kumrudishia mwekezaji, bila kuvua hata dagaa mmoja zaidi.

Kwa hiyo tuliomba mkopo wa chanja, maturubai na stoo. Katika mkataba tukafunga jambo moja: kila gunia likiuzwa, kabla ya kugawana chochote, kiasi kinakwenda kwenye mfuko wa doria wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni. Humo hutoka petroli ya boti, maboya ya kuonyesha mpaka wa mazalia na posho za vijana wanaozuia makokoro, nyavu za kuburuza hadi ufukweni. Mazalia yakibaki salama, riba inapungua.

Kazi ilikuwa kwenye marejesho. Afisa wa mwekezaji, kijana mwenye adabu kutoka Dar es Salaam, alitaka malipo kila mwisho wa mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika. Tena kuna mapumziko ya ziwa: mwaka 2024 upande wa Tanzania ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwenyekiti wetu akamwambia, "Mwanangu, ziwa halijui tarehe thelathini." Akacheka, akaandika. Sasa tunalipa baada ya kila giza, na ziwa likifungwa hatudaiwi.

Tulivutana pia kwenye kipimo. Yeye alitaka tani za samaki. Nilikataa, kwa sababu dagaa wa kilindini hupanda na kushuka kutegemea upepo wa kusini unavyokoroga maji na kuleta rutuba juu, na hakuna doria inayoongoza upepo. Kuahidi tani ni kujifunga kitanzi. Tukakubaliana kuhesabu kuhe. Huyu ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya perege, na baba na mama hulinda mayai na vifaranga pamoja kwenye maji ya pwani, palepale kokoro linapoburuzwa. Vijana wanapiga mbizi kwa miwani kwenye mawe yaleyale, wanahesabu jozi zilizo na watoto, na wanaandika kwenye daftari la doria. Kwa macho yangu ni kipimo cha haki zaidi, maana kokoro likipita usiku mmoja tu, daftari litasema. Na lumbu, dagaa wetu mwingine, naye huzaa na kukulia pwani, hivyo biashara yetu inafaidika.

Daftari hilo halionyeshi tope. Milima iliyokatwa miti inamwaga udongo ziwani kila masika, unafunika mawe ambayo samaki wanajificha na kuzaa. Tumeomba awamu ya pili ya kupanda miti na kurudisha matete kwenye midomo ya vijito. Mwekezaji ameuliza miti itamlipa nini. Tunamwandalia hesabu ya mizinga ya nyuki.