Mtoeni Kwanza Baba Mtu

Mwaka 2014 nilimpeleka mama yangu Chennai, kusini mwa India, kutibiwa jicho la kulia lililoharibiwa na kisukari. Operesheni ilikwenda salama. Kilichobaki kilikuwa kungoja, maana daktari alitaka kumwona tena na tena kabla hajaturuhusu kupanda ndege. Tukachukua chumba kwenye nyumba ya wageni mtaa wa Nungambakkam, tukawa tunakula wali na dengu na kutazama saa ya kutia dawa. Mama ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Ukimfungia ndani bila jirani wa kusema naye, anaugua upya.

Kilichomtoa chumbani ni kelele za juu. Kila alasiri jua likianza kupoa tulisikia mti ukigonga mti, ko, ko, ko, na sauti ya bibi mzee akihesabu kwa maneno ambayo hata wenyewe wanasema hayana maana: tei ya tei, tei ya tei. Halafu kishindo cha nyayo. Siku moja Mama akainua kichwa kwenye mto. "Huko juu kuna mwali anachezwa?"

Nikamwuliza mwenye nyumba. Akacheka, akasema ni mama mkwe wake, anafundisha bharatanatyamu, ngoma yao ya jadi ya kusini mwa India, na kama mgonjwa anaziweza ngazi basi karibuni.

Juu ya paa walikuwa wamejenga banda la makuti. Mama alisimama akayakagua kwa lile jicho moja, lingine likiwa bado limefunikwa, akahukumu kwamba yamesukwa ovyo lakini ni makuti ya mnazi kweli. Akajitandaza kwenye kiti cha plastiki, kanga mabegani, tayari kwa lolote.

Mwalimu alikuwa amepita miaka 70, mnene, sari yake ya pamba imefifia kwa kufuliwa. Alikaa juu ya kigoda kwa sababu magoti yalikuwa yamekwisha. Mbele yake palikuwa na kipande cha gogo, na mkononi fimbo fupi nene ya kugongea. Mwanafunzi siku hiyo alikuwa mmoja tu, msichana wa miaka 17 hivi. Alianza kwa kugusa sakafu kisha kugusa macho yake, ndiyo namna yao ya kuiomba ardhi radhi kwa kuwa wanakwenda kuikanyaga, halafu akainama miguuni pa mwalimu. Mama alilisifu lile la kuomba radhi. Lile la kumwinamia binadamu, alinyamaza.

Binti akashuka kwenye mkao wao, aramandi: magoti yamefunguka kulia na kushoto, kiwiliwili kimeshuka, mgongo umenyooka. Jaribu kukaa hivyo muda wa kuchemsha chai tu, utajua nasema nini. Fimbo ikagonga, nyayo zikajibu. Mikono ikaenda na macho yakaifuata, maana hiyo ni kanuni iliyomo kwenye maandiko yao ya kale ya ngoma: mkono uendapo, jicho nalo liende. Kasi ya kwanza, ya pili mara mbili yake, ya tatu mara mbili tena. Mtoto hakukosea mguu. Mama akataka kujua njuga ziko wapi, nami nikatafsiri kwa Kiingereza. Mwalimu akajibu kwamba njuga ni za jukwaani, darasani zinaficha makosa.

Mwisho kabisa wa paa, chini ya kivuli cha tangi la maji, alikaa baba wa binti. Alikuwa mhasibu. Ndiye aliyemleta kwa skuta na ndiye wa kumrudisha, kwa hiyo alikaa pale na kofia yake ya pikipiki mapajani, akilisoma gazeti la asubuhi kwa mara ya pili. Kila mguu uliopatia, kichwa chake kilitikisika kidogo bila macho kuinuka. Arangetramu ya binti ilikuwa inakaribia, siku ambayo mwanafunzi anapanda jukwaani peke yake kwa mara ya kwanza na kucheza mfululizo wote, kuanzia alarippu hadi tillana. Wapiga ala, ukumbi, hariri, chakula cha wageni, vyote juu ya baba. Kule watu hukopa kwa shughuli hiyo bila kuona haya.

Sasa mwalimu akaweka fimbo chini, akaanza kuimba mwenyewe, pole pole. Ilikuwa padamu, wimbo wa mapenzi, moja ya zile za Kshetrayya, mshairi wa karne ya 17 aliyetunga kwa Kitelugu. Katika padamu miguu karibu inapumzika. Kazi yote ni ya uso, macho na vidole, na kazi hiyo inaitwa abhinaya. Mstari mmoja unaimbwa, unarudiwa, unarudiwa tena, na kila unaporudi mchezaji lazima auseme kwa njia nyingine. Habari ya siku hiyo ilikuwa ya mwanamke anayemfungulia mpenzi wake mlango alfajiri. Macho ya bwana ni mekundu kwa kukosa usingizi, mdomoni ana wanja ambao si wake. Mwanamke hapigi kelele. Anamwambia tu kwa adabu kwamba amepotea njia.

Mikono ya binti ilikuwa sahihi kabisa. Ngumi yenye dole gumba juu, huyo ndiye bwana. Viganja viwili bapa vinavyoachana, huo ndio mlango. Lakini uso ulikuwa wa mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Nyusi," mwalimu akasema. Akaimba tena.

"Usimtazame yeye, litazame shati." Akaimba tena.

"Humwulizi alikokuwa. Unakujua alikokuwa."

Mara ya nne au ya tano uvumilivu ukamwishia, akafanya mwenyewe, pale pale kwenye kigoda. Mwili haukusogea. Kidevu kilipanda kidogo tu. Jicho likatoka usoni kwa yule bwana asiyeonekana, likateremka shingoni, likasimama. Mkono wa kulia ukanyooka kwa upole, ukaokota kitu begani kwake kwa ncha za vidole viwili: unywele. Akauinua kwenye mwanga, akaupima urefu wake kwa macho, mvi zake na magoti yake vyote vimekwenda sijui wapi, akaupuliza.

"Ehee!" Mama akajipiga paja. "Unywele si wake!"

Mama hajui neno la Kitelugu wala la Kitamil. Akanigeukia. "Muulize, huyo mume katoka kwa mke mwenza au kwa hawara?"

Nikauliza. Mwalimu alilipokea swali hilo kwa uzito wote. Akasema kwake yeye ni hawara, maana angekuwa mke mwenza kusingekuwa na haja ya kuficha.

Hapo ndipo walipopatana. Mama ni mtu wa zama za Black Star na Lucky Star, Tanga ilipokuwa inajua taarabu. Hajawahi kuimba, lakini ametuza sana. Anakijua kile kipaji cha mwanamke kukaa ametulia mpaka ufike ubeti unaomhusu mbaya wake, kisha kuinuka na noti mkononi na kupita njia ndefu, mbele ya kiti cha mhusika, bila kumtazama. Mtu wa namna hiyo humfundishi mafumbo.

Nami nilikuja kusikia kwa mwalimu, jioni nyingine kwenye ngazi, kwa nini padamu hizi alizishikilia hivyo. Ngoma hii ilikuwa ya wanawake wa mahekaluni na wa nyumba za wafalme, ikirithiwa ukoo kwa ukoo. Ikaja kuonwa aibu, na mwaka 1947 jimbo la Madras, kama lilivyoitwa wakati huo, likapitisha sheria ya kukataza mabinti kuwekwa wakfu kwa hekalu. Kabla ya hapo, mwaka 1935, Rukmini Devi Arundale, mtu wa tabaka la juu la Brahmini, alikuwa amekwisha kucheza hadharani, na mwaka uliofuata akaanzisha Kalakshetra, shule ya sanaa. Alipofundisha, nyimbo za mapenzi alizoona zimezidi joto aliziweka kando. Balasaraswati, mtoto wa ukoo wenyewe wa wachezaji, alikataa. Kwake mapenzi ndiyo yalikuwa kiini, ukiyatoa hakuna ngoma. Mwalimu wetu alimwona Balasaraswati jukwaani angali msichana: mama wa makamo, mnene, akiimba na kucheza kwa wakati mmoja. Alisema tangu siku hiyo hakuogopa tena kunenepa. Binafsi naona Rukmini Devi aliiokoa ngoma na Balasaraswati akaiokoa isiwe mazoezi ya viungo, ila mimi ni mgeni, na wenyewe kule wangali wanalumbana.

Turudi juu ya paa. Binti alijaribu unywele. Akauokota vizuri, akaupuliza vizuri, nyanya zikabaki kuwa nyanya. Mwalimu akafumba macho.

Mama akaniinamia. "Mwambie huyo bibi amtoe kwanza baba mtu."

Nilisita. Mimi ni mtoto wake, na hapo tulikuwa wageni. "Mwambie," akasema. "Mwana atamsutaje hawara mbele ya baba yake? Hata huyo bibi mwenyewe angefanyia baba yake huo unywele?"

Pampu ya maji ilikuwa inanguruma kule kwenye tangi, nikaona afadhali. Nikamwambia mwalimu kwa sauti ya chini. Akageuza macho yake taratibu kumwelekea yule mwanamume na gazeti lake, akayarudisha kwa Mama.

"Nalijua tangu mwaka jana," akasema. "Ila ndiye anayelipa."

Halafu akapaza sauti kwa Kitamil. Sikuelewa ila neno la kahawa. Baba mtu akakunja gazeti, akavaa kofia yake, akashuka. Mwalimu akanieleza kwamba amemwagiza kahawa ya kusagwa, duka fulani ambalo foleni yake haiishi upesi. Skuta ikasikika ikiwaka chini, ikaondoka.

Mwalimu akaimba mstari ule ule.

Binti hakuufanya unywele. Alifungua mlango, akamwona bwana, akatabasamu kwa furaha kabisa. Akanyoosha mkono kumwekea kola sawa, kama alivyozoea, na mkono ukakwama hapo. Pua ikatanuka kidogo: harufu. Tabasamu halikuondoka, na hilo ndilo lililotisha. Alimalizia kuinyoosha ile kola, akaipigapiga ikae, akarudi nyuma hatua moja, na viganja viwili vikaanza kufunga mlango kidogo kidogo, jicho likiwa kwenye upenyo hadi upenyo ukaisha.

Mwalimu aliendelea kuimba, lakini sauti ilikuwa imekwaruza.

"Aongeze msonyo," Mama akasema. Nikatafsiri, nikaonyesha. Mwalimu akacheka, akajibu kwamba mchezaji hatoi sauti, msonyo uonekane kwenye pua. Binti akausonya kwa pua. Basi. Mama akafungua pochi, akainuka.

Nilijua anachokwenda kufanya, na hapakuwa na namna ya kumzuia. Hakwenda moja kwa moja. Alizunguka banda lote, kanga imeshuka begani, bega likienda na wimbo, bandeji jichoni, akafika mbele ya binti na kumwekea kiganjani noti ya rupia 100. Mtoto wa watu akaganda, akimtazama mwalimu. Mwalimu akampa ishara ya kidevu: pokea. Akapokea kwa mikono miwili na kuigusisha machoni.

Ndipo baba mtu alipotokea kwenye ngazi, kifurushi cha kahawa mkononi, akamkuta bibi wa Kiafrika amemshika binti yake mikono yote miwili na pesa katikati. Akauliza kuna nini. Nilimsikia mwalimu akijibu kwa Kiingereza, nadhani makusudi tusikie na sisi.

"Mgeni amependa hesabu zake za miguu."

Baba akafurahi mno. Akasema miguu ndiyo sifa ya mtoto huyu tangu mdogo, anaipata kwake, ni damu ya uhasibu. Nikamtafsiria Mama. Alicheka mpaka mwalimu akamkemea achunge jicho.