Aliyefiwa na mtoto asilazwe na wenye vichanga

Jamani hili la kumlaza mama aliyefiwa na mtoto wodi moja na wenye vichanga linaniuma sana, yani usiku kucha anasikia watoto wa wenzake wanalia na yeye mikono mitupu. Halafu maziwa! Wengi hawajui kwamba siku kama 2 au 3 baada ya kujifungua maziwa yanajaa hata kama mtoto hayupo, na mama anaruhusiwa kwenda nyumbani bila nesi hata mmoja kumwambia avae sidiria inayomshika vizuri na aweke kitambaa cha baridi. Wazazi waulizwe pia kama wanataka kumpakata mtoto wao aliyefariki, kumpa jina, kupiga picha, wasiharakishwe wala wasilazimishwe. Na baba naye aulizwe anaendeleaje, sio kila mtu anamwambia tu mwangalie mkeo.