Kivuko cha Kamanga kilivyonisaidia kufundisha Kiingereza

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, na kila jioni tulikuwa tunahangaika na maneno yale yale: governor, minister, mayor, lord. Nilimbandikia orodha ukutani. Jumatatu anaikariri yote, Alhamisi waziri kashakuwa meya na meya kawa gavana.

Siku moja tukapanda kivuko kwenda Kamanga, kwenye msiba upande wa Sengerema. Ziwa Victoria lilikuwa na mawimbi, na yeye macho yote kwa nahodha. Nikakumbuka kitu nilichowahi kusoma. "Yule ndiye governor," nikamwambia. Akacheka. Nikamweleza kwamba Wagiriki walimwita mshika usukani kybernetes, Warumi wakalichukua wakasema gubernator, likapitia kwa Wafaransa ndipo likafika Uingereza. Hilo hajalisahau mpaka leo.

Tuliporudi nikapakua kamusi ya asili ya maneno kwenye simu, nikawa nalichungulia neno usiku kabla ya kumfundisha. Mayor halikutuchelewesha: kwa Kilatini ni mkubwa zaidi, basi. Minister ndilo lililomshangaza. Asili yake ni mtumishi, na ndani yake limejificha neno la "pungufu", wakati master limebeba la "zaidi".

"Kwa hiyo mjomba, waziri ni dada wa kazi?"

Nikamwomba asije akaandika hivyo kwenye mtihani.

Kwa lord, yaani bwana mwenye cheo, tulikaa jioni nzima. Kwenye Kiingereza cha kale, miaka zaidi ya 1000 iliyopita, lilikuwa hlafweard, yaani mlinzi wa mkate. Lady, bibi mwenye cheo, naye alikuwa mkandaji wa mkate. Nikaona halimwingii, kwetu mkate ni wa chai tu, shibe ni ugali. Nikageuza: mwenye ghala la mahindi, yule ambaye njaa ikiingia kijiji kizima kinapiga hodi kwake. Hapo akaitikia kwa kichwa.

Bibi yake alikuwa pembeni anachambua dagaa. Kiingereza hajui hata salamu. "Mnahangaika na ya Wazungu," akasema, "na ntemi, chifu wetu, je?" Akatueleza kuwa ni kutema, kufyeka pori: aliyetangulia kutema, watu wakapata pa kulima, ndiye waliyemfuata.

Mpwa wangu akainuka, akachukua kalamu, akaliandika chini kabisa ya orodha yangu ukutani.