Jinsi ninavyoilinda Peugeot 504 ya babangu kwenye maegesho ya Kampala

Watu wakiona gari la zamani linang'aa hudhani halitoki gereji. Langu linatoka. Linaenda kwenye maduka makubwa ya Garden City, linaenda Lugogo, linaenda Acacia siku ambazo kupata nafasi pale Kololo ni vita, na milango yake haina alama. Nasema haya kwa fahari, maana nimehangaika, na ushauri mwingi niliopewa ungeliharibu gari kabla hata jirani wa maegesho hajafika kuligonga kwa mlango wake.

Ni Peugeot 504 aliyoinunua babangu Nairobi akaileta nyumbani Bombo, kaskazini mwa Kampala. Mzee aliyapenda mashindano ya Safari, yale yaliyoanza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na 504 iliposhinda mwaka 1975, kisha tena 1978, alishangilia kama vile mwanawe mwenyewe ndiye aliyeshika usukani. Rangi ya gari ni ileile ya kiwandani, ya maziwa, haina vanishi juu. Ukiipiga polishi, kitambaa kinatoka na rangi yenyewe. Kwa hiyo kila mkwaruzo unaoufuta unapunguza kitu ambacho hakirudi. Fundi wa bodi atakupigia rangi mpya mlango mzima kwa laki kadhaa, lakini hiyo siyo rangi aliyoiosha babangu kila Jumapili.

Ushauri ambao kila mtu anao mdomoni ni huu: paki mbali, kule pembeni, peke yako. Mimi naupinga kabisa. Kule mwisho wa maegesho ndiko malori ya supamaketi yanakogeuzia, ndiko boda zinakokatiza zikikwepa geti, na ndiko mwizi wa vioo vya pembeni anakopata nafasi ya kufanya kazi yake bila kuonwa. Isitoshe, pembeni ndiko kwenye miti. Sijui kama umewahi kuona fenesi lililoiva likianguka kwenye boneti. Mimi nimeliona, gari la mtu mwingine, na bonde lililobaki ungeweza kunywea chai. Na huko pembeni hutabaki peke yako. Ukirudi utakuta nafasi nyingi tupu na gari moja limejibana ubavuni mwako.

Ushauri wa pili ulikuwa kifuniko cha turubai. Aliyenipa ni mtu ninayemheshimu, kwa hiyo nilinunua kizuri, chenye kamba za kufungia chini. Vumbi la Uganda mnalijua. Lile jekundu la murramu lina punje ngumu kama mchanga, na gari lililotoka barabara ya Bombo limejaa vumbi hilo hata kama macho hayalioni. Ukifunika juu yake, upepo unalitikisa turubai mchana kutwa, na turubai linasugua vumbi kwenye rangi. Nililivua jioni, nikamulika ubavu kwa tochi ya simu, nikaona mistari midogo midogo imezunguka kila mahali. Ilinichukua wiki nzima ya polishi ya mkono kuituliza. Turubai sasa linafunika kuni za mama. Kwa sababu hiyohiyo, wale vijana wenye jerikeni na kitambaa wanaokuja kukuoshea gari palepale lilipopaki, wape pesa yao ya chai waende zao. Hicho kitambaa kimeshapita kwenye magari mengine kabla ya lako.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Huku kwetu usukani uko kulia. Dereva yupo katika kila gari, abiria yupo katika baadhi tu. Kwa hiyo mlango unaofunguliwa mara nyingi kuliko yote ni wa kulia mbele, na huo ndio wa kuukimbia. Mimi natafuta nafasi yenye ukuta au nguzo upande wangu wa kushoto. Najibana kushoto hadi abiria wangu inabidi washuke mapema, na nafasi yote inabaki kulia, ninakoshukia mwenyewe. Jirani wa kulia akiwa ameelekea upande nilioelekea mimi, ananipa mlango wake wa abiria. Akiwa ameelekea kinyume, ananipa mlango wa dereva, na hapo naondoka. Ndiyo maana kabla ya kuingia natazama safu nzima imeelekea wapi, nami naelekea hukohuko, hata kama ni kwa rivasi na walio nyuma wanapiga honi. Wapige tu.

Jirani bora kuliko wote ni Noah ya zamani au Hiace akiwa kulia kwangu, maana mlango wake wa nyuma wa kushoto unateleza, hauchomoki nje. Jirani mbaya ni ile RAV4 ya milango miwili. Mlango wake ni mrefu na mzito, na mwenyewe lazima aufungue wote ili atoke.

Lakini huwezi kumchagua jirani atakayekuja baada yako. Hapo ndipo nilipobuni kile ambacho watoto wangu wanakiita godoro la gari, na naomba mnivumilie nikieleze chote.

Nilizunguka maegesho na chaki mfukoni nikipima kwenye mguu wa suruali yangu ncha za milango zinafika wapi: Vitz chini, Premio katikati, Prado juu. Nikaona sehemu inayogongwa ni mkanda wa shubiri mbili hivi. Nikaenda kwa wauza magodoro, wakaniuzia vipande vya sponji walivyobaki navyo kwa pesa ya soda. Fundi redio wa mtaani alinipa spika zilizokufa, nikatoa sumaku. Kisha nikampelekea yote mama mmoja wa cherehani pale Bombo. Tulikaa naye barazani karibu siku nzima. Upande unaogusa rangi ni flana laini, mara mbili. Kila sumaku ina mfuko wake, na juu yake flana nyingine, ili chuma kisiguse gari kamwe. Upande wa nje ni kitambaa kigumu cha begi. Nikamwambia aache mikia ya kamba kwenye ncha zote mbili, akauliza ya nini. Mkia mmoja unabanwa na mlango wa mbele, mwingine na mlango wa nyuma, fundo likiwa ndani. Ukifunga milango, mtu hawezi kulivuta akaondoka nalo. Mama yule alicheka akasema, "Baba, wewe wezi unawajua." Nawajua.

Nilikuwa nimekaa kwenye mgahawa wa juu, dirishani, gari likiwa chini yangu, RAV4 ya milango miwili ilipoingia kulia. Ilikuwa imeelekea kinyume. Sikuwa na muda wa kushuka. Kijana akaufungua mlango kwa nguvu zote, simu sikioni, nikausikia mgoto kutoka juu. Niliteremka ngazi mbili mbili. Nilipofika alikuwa amesimama mikono kichwani. "Pole sana mzee, nimeigonga?" Nikafungua mlango, nikalegeza kamba, nikalibandua godoro taratibu, tukainama wote wawili. Rangi ya maziwa, safi. Kwenye kitambaa cha nje kulikuwa na mstari wa bluu wa gari lake mwenyewe. Kijana akaomba kulipiga picha, kisha akaniuliza linauzwa wapi. Siku ile niliendesha hadi Bombo nikiimba.

Godoro lazima libandikwe kwenye ubavu ulioondolewa vumbi kwa maji kwanza, vinginevyo ni hadithi ile ile ya turubai. Mvua ikianza livue, flana inashika maji.

Getini nako kuna kazi. Tangu mabomu ya Julai 2010 walinzi wanakagua kila gari, na sina ubaya na hilo. Ila mlinzi ana mkanda wenye kishikizo cha chuma, bunduki begani na kioo cha mti mrefu cha kutazamia chini. Mimi nashuka mapema, namsalimu, "Afande, habari ya kazi," namfungulia milango na buti kwa mkono wangu. Hana sababu ya kuegemea. Ukimsalimu mtu kwa heshima na kumwuliza hali ya nyumbani, siku nyingine atakuwekea koni kwenye nafasi yenye nguzo bila wewe kuomba.

Kuna kaloli pia. Wale ndege wakubwa wamejaa juu ya miti ya Kampala, na kinyesi chao kina asidi. Kikikaukia juani, kinaiunguza rangi. Usikikwangue. Ndani ya gari nina chupa ya maji na kitambaa cha pamba: nakilowesha, nakilaza juu ya kinyesi, nasubiri hadi kilainike, kisha nakiinua bila kusugua.

Siku ya Ijumaa pale msikiti wa Old Kampala magari hupangwa yakabanana, na vijana wa kupanga watakuomba uache gia huru ili walisukume. Wanasukumia taa, wanasukumia bampa. Napaki chini kabisa ya kilima na kupanda kwa miguu. Kwenye masoko ya Kikuubo na Owino silipeleki hata siku moja. Wabeba mizigo na matoroli wana haki ya kupita, na kwa huko boda inatosha.

Taa na vioo nimevichonga namba ya gari, kazi ya dakika chache. Kioo cha 504 kikiibiwa, hata soko la vipuri la Kisekka unaweza kuzunguka hadi jioni usikipate.

Yule mama wa cherehani sasa anawashonea wengine magodoro haya. Ukienda kwake, beba vipimo vya ubavu mzima, na kabla ya kulipa pitisha sumaku ndogo kwenye milango yako yote. Plastiki haishiki, na pale fundi alipojaza filla nyingi ya kuzibia mabonde sumaku itadondoka. Sehemu hizo mwonyeshe, atakuongezea kamba badala ya sumaku.