Daftari la pointi na hesabu ya ushindi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mwandishi wa takwimu wa timu ya vijana ya mpira wa kikapu mtaani kwetu hapa Mwanza, timu inayofanya mazoezi jioni kwenye uwanja wa saruji ulio wazi, ambako upepo wa ziwa huvuma kiasi kwamba anayetupa mpira kutoka mbali hana budi kuupima upepo kabla ya kuipima ringi. Mwanzoni niliandika pointi tu, kwa kuwa pointi ndizo nilizoulizwa: mechi ikiisha, vijana hunizunguka na kila mmoja anataka kujua amefunga ngapi. Ilinichukua muda kutambua kwamba kurasa zenye jina moja lililojaa pointi kuliko mengine yote mara nyingi zilikuwa za mechi tulizofungwa. Tangu hapo sijaacha kujiuliza takwimu za mtu mmoja zina uhusiano gani hasa na ushindi wa timu.

Waliocheza katika kiwango cha juu kabisa wametuachia mifano mikubwa. Msimu wa 1961–62 katika NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya Marekani, Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors alikuwa na wastani wa pointi 50.4 kwa mechi, na Machi 2, 1962 alifunga pointi 100 dhidi ya New York Knicks. Timu yake ilishinda mechi 49 na kupoteza 31, kisha ikatolewa na Boston Celtics katika mechi ya saba ya mfululizo wao wa mtoano. Celtics walikuwa wameshinda 60, wakatwaa ubingwa, na Bill Russell wao, mwenye wastani wa pointi 18.9, ndiye wachezaji wa ligi waliyemchagua kuwa bora wa msimu. Mitupo aliyoizuia Russell huwezi kuikuta katika takwimu rasmi za miaka hiyo, kwa sababu NBA ilianza kuhesabu bloku na mipira iliyoporwa msimu wa 1973–74. Wachezaji wenzake waliona kwa macho jambo ambalo daftari la ligi halikuwa na safu ya kuliandikia.

Hata hivyo, anayehitimisha kwamba kufunga sana ndiko kunakoleta kushindwa anafanya kosa jingine, nami nililifanya. Timu inapozidiwa, mpira wote hupelekwa kwa yule anayeaminika zaidi, naye hutupa mara nyingi kuliko kawaida. Pointi zake zinaongezeka kwa sababu timu imeshaanza kufungwa, wala si yeye aliyeleta kufungwa huko. Yapo pia mazingira anayochezea. Michael Jordan alifunga wastani wa pointi 37.1 msimu wa 1986–87 na Chicago Bulls wakashinda mechi 40 na kupoteza 42; msimu wa 1990–91 wastani wake ulikuwa 31.5, Bulls wakashinda 61 na kutwaa ubingwa wao wa kwanza. Hakuwa amekuwa mchezaji dhaifu zaidi. Waliomzunguka walikuwa wamekomaa, na mashambulizi aliyowaachia hayakupotea bure.

Nadhani neno hilo, mashambulizi, ndilo ufunguo wa jambo lote. Kikapu kina utaratibu ambao soka haina: kila timu ikimaliza shambulizi lake, kwa kufunga au kwa kupoteza mpira, zamu huwa ya wapinzani, hivyo mwisho wa mechi timu mbili huwa zimepata mashambulizi karibu sawa. Mshindi ni yule aliyevuna pointi nyingi zaidi kutoka katika idadi ileile. Tuchukue wachezaji wawili waliofunga pointi 20 kila mmoja, wa kwanza kwa mitupo 14, wa pili kwa mitupo 24. Katika daftari langu la zamani walikuwa sawa kabisa. Lakini wa pili ametumia nafasi kumi zaidi, na ikiwa wenzake huvuna takriban pointi moja kwa kila mtupo, basi zimepotea pointi kama kumi ambazo hazionekani mahali popote, ilhali mechi zetu nyingi huamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Ribaundi, yaani kuudaka mpira baada ya mtupo kukosa, na asisti, yaani pasi inayomwezesha mwenzako kufunga, nazo zinahitaji uangalifu wa aina hiyo. Msimu wa 2016–17, Russell Westbrook wa Oklahoma City Thunder alikuwa na wastani wa pointi 31.6, ribaundi 10.7 na asisti 10.4, akawa wa kwanza kufikisha wastani wa tarakimu mbili katika safu zote tatu tangu Oscar Robertson msimu uleule wa 1961–62. Katika mechi 42 alizofikisha tarakimu mbili kotekote, Thunder walishinda 33. Katika mechi 40 zilizobaki walishinda 14 tu. Kwa haraka mtu angesema takwimu zake ndizo zilizoshinda, na sehemu ya ukweli imo. Lakini asisti haiandikwi mpaka mwenzako afunge, na ribaundi ya ulinzi haipatikani mpaka mpinzani akose. Siku ambayo wenzako wanafunga na wapinzani wanakosa, timu ingekuwa karibu na ushindi bila kujali jina lililoandikwa kwenye safu.

Mtakwimu wa Kimarekani Dean Oliver alipendekeza kwamba ushindi uelezwe kwa mambo manne, yakipimwa kwa timu zote mbili: ubora wa mitupo, mipira inayopotezwa, ribaundi za ushambuliaji na mitupo huru, ile inayotolewa baada ya faulo. Uzito aliokadiria ni asilimia 40, 25, 20 na 15. Yote manne ni ya timu, na kwangu hiyo ndiyo nguvu yake.

Sasa ninaandika mitupo iliyokosa pamoja na iliyoingia, mipira iliyopotea, na tofauti ya pointi kati yetu na wapinzani wakati kila mchezaji yuko uwanjani. Safu hii ya mwisho inasumbua, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuufuata mpira na kuangalia nani ametoka na nani ameingia, kwa hiyo nimemwomba mpwa wangu akae nami na saa. Jumamosi iliyopita ilimwonyesha juu ya wote kijana wetu mmoja aliyefunga vikapu viwili tu mechi nzima. Mechi moja haitoshi kuthibitisha chochote, nami nilimweleza hivyo. Aliomba alione daftari hata hivyo, akausoma mstari wake mara mbili.